Udongo wa Chumba cha Baba

Huruma, Nairobi
9 Machi 2025

Kwako dada Nabalayo,

Niaje. Kabla hujanuna, jua kwamba unasoma barua ya mtu ambaye Nairobi nzima ilisimama Alhamisi ili apite. Sitii chumvi. Lile jumba la maonyesho lenyewe, vioo kutoka chini mpaka mbinguni, liliinama kidogo nilipoingia. Mainjinia waliosoma mpaka nywele zikakata tamaa walinipisha kwenye ngazi. Mimi, Wamalwa, niliyeiacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha.

Umenifungia simu, sawa. Ulisema sauti zangu za dakika kumi zinakupasua kichwa, na nikiwa na neno niliandike, eti kwenye karatasi nitadanganya kidogo kwa kuogopa mkono kuchoka. Mkono ndio huu, na haujachoka. Utingo wa basi la Kimilili, atakayekuletea barua hii, ni rafiki yangu, kama watu wote wa maana.

Sasa, maonyesho. Yanaitwa ya ujenzi endelevu. Hilo neno "endelevu" wanalisema kama vile Baba Mdogo Masinde anavyosema "ukoo": kila baada ya pumzi mbili. Paa endelevu, rangi endelevu, choo endelevu, tena hicho choo nimekiona kwa macho yangu, hakitumii maji na bado kina sura nzuri kuliko nyumba yote ninayoishi. Kuna mti wa mianzi umekatwa ukawa ukuta, watu wanaupapasa kama ng'ombe wa mahari. Kadar alikuwa nami. Unamkumbuka Kadar, mpwa wa Mzee Jimale mwenye godauni la vigae mtaa wa Baba Dogo, ninakopakua mizigo. Mzee Jimale alikuwa na kibanda chake humo ndani. Kadar alikuwa ananifuata nyuma akishangaa jinsi watu wanavyoniheshimu.

Nilienda moja kwa moja kwa yule Injinia Matheka uliyemsikia redioni, mwanamke anayefyatua matofali ya udongo bila kuyachoma. Ana mashine ya mkono, unamwaga udongo na simiti kidogo, unavuta mpini, tofali linatoka limenyooka kama askari. Nikamwambia: Madam, mimi nina mzee anayerudi kwao baada ya miaka thelathini ya kiwanda, hana nyumba bomani, na udongo wenyewe huu hapa, niambie unajenga au haujengi. Akautia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaungoja utulie. Akaubonyeza kwenye kisanduku. Akaniangalia.

"Huu ni mzuri ajabu," akasema. "Mchanga wa kutosha, mfinyanzi kiasi. Umechanganywa na nani?"

Nikamwambia, "Na Mungu mwenyewe, Madam."

Watu wakacheka, Naba. Kibanda kizima.

Karatasi ya vipimo nimeikunja humu ndani, ina muhuri. Simiti debe moja kwa udongo madebe ishirini, mchanga usiongezwe hata kijiko. Yule mlinzi wa getini alitaka kunisumbua kidogo kuhusu ule mfuko wa udongo ulionitumia kutoka nyumbani, lakini akajua mimi ni nani. Mwambie Baba nyumba ipo. Mwambie Masinde afunge mdomo, nzi wataingia.

Ndimi ndugu yako, mkuu wa Huruma na vitongoji vyake,
Wamalwa


Kimilili
16 Machi 2025

Wamalwa,

Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya chapati upande mmoja na sifa zako pande zote. Nilikuomba jambo moja. Sikuomba vioo, sikuomba choo.

Karatasi ya vipimo nimeipata na nashukuru. Hilo ndilo neno pekee jema utakalolisoma hapa. Mashine tumeazimwa na kikundi cha akina mama wa kanisa, wiki mbili tu, kisha inakwenda Chwele. Kwa hivyo tunafyatua kuanzia Jumanne, na hakuna kurudia.

Sasa nisikilize, maana huko unacheka na sisi huku hatucheki. Baba analala ghalani. Baba Mdogo alimpa kitanda kwake, Baba akakataa. Ulitaka akubali? Yeye ni kifungua mimba, aingie nyumbani kwa mdogo wake kama mgeni? Kila jioni Masinde anapita pale ghalani na kikombe chake cha chai anasema kwa sauti ili majirani wasikie: "Kaka, mtu asiye na nyumba tutamtolea mlango gani?" Anajua anachosema. Nawe unajua. Kwetu mwanamume hatolewi kwenda kaburini kutoka ghala la mahindi. Mzee Shikuku alipokufa bila nyumba walimjengea kibanda cha udongo kwa siku moja, maiti ikingoja nje, na wajukuu zake wanachekwa mpaka leo.

Kifua cha Baba hakijatulia. Zile poda za kiwandani hazikumwacha. Sizungumzi juu ya kufa. Nazungumza juu ya mtu kuamka ndani ya kuta zake angalau asubuhi moja.

Tena anakuuliza: udongo uliobaki uko wapi? Ule mfuko hakujaza mtu mwingine. Alichimba mwenyewe, kwa jembe, huku akikohoa, mahali hasa kitanda chake kitakapokaa. Anasema udongo wa chumba cha mtu hauachwi ugenini ukakanyagwa na watu asiowajua. Urudishe kwa basi hilohilo.

Na usiniite Naba.

Dada yako,
Nabalayo


Baba Dogo
22 Machi 2025

Dada Nabalayo, usiyetaka kuitwa Naba,

Mnafyatua? Safi. Mimi nimekaa juu ya maboksi ya vigae hapa godauni, ni saa ya chakula, na hasira zimenijaa mpaka nimeshindwa na maharagwe.

Masinde anasema nini? Mlango gani? Mwulize yeye nyumba yake aliijenga kwa nguvu za nani. Mabati yale Baba aliyatuma kutoka Nairobi mwaka niliozaliwa! Mtu anakunywa chai chini ya mabati ya kaka yake halafu anamtukana nayo. Ningekuwa huko ningemwonyesha mlango, na asingeupita kwa miguu.

Udongo uliobaki Injinia Matheka ameuweka kwenye chupa ya kioo. Alinisihi. Alisema udongo wa aina hiyo ni wa kufundishia, kwamba wanafunzi wa chuo wauone. Mwambie Baba kwamba udongo wake umewekewa taa. Haukukanyagwa, umewekewa taa!

Haya, kwa kuwa umeniita mwongo katikati ya mistari, nitakuambia jambo la kweli. Sikuingia kama mfalme. Kuingia kulikuwa kwa walioalikwa tu. Niliingia na beji ya binamu yake Kadar, na koti la Kadar, mikono yake ikinifika vidoleni. Kwa siku nzima nilikuwa Bwana Nuradin Jimale, mwagizaji wa vigae. Mzee mmoja wa Kisomali akanisalimu kwa lugha yao, akaongea, akaongea, mimi natikisa kichwa tu. Mwishowe Kadar akaninong'oneza: "Wacha kukubali, buda, anakuuliza kama utamwoa binti yake."

Cheka. Lakini hili hutalicheka. Kulikuwa na ukumbi wa hotuba, na kijana mmoja amevaa viatu bila soksi akawa anaonyesha picha ukutani, kubwa kama lori. Akasema, "Hivi ndivyo hatupaswi kujenga." Picha ni ya nini? Huruma. Mtaa wetu. Ghorofa letu, ule ufa unaoanzia kwa mama wa chumba namba nne, na kwenye kamba ya nguo kaptula yangu ya kijani yenye kiraka nilichokishona mwenyewe. Watu wakaguna kwa kusikitika, tsk tsk tsk, mikono imeshika sambusa. Hakuna aliyeuliza ni nani anakusanya kodi humo. Hakuna aliyeuliza nani alipitisha ile ramani. Picha ikapita, ikaja ya nyumba ya mianzi huko ng'ambo.

Nikasimama. Nikasema, "Hiyo kaptula ni yangu."

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Walidhani mimi ni sehemu ya kipindi.

Siwezi kuwasamehe. Tofali la Baba litasimama, nao watakuja kulipiga picha hilo pia.

Funikeni matofali yasikaushwe na jua. Yamwagieni maji asubuhi.

Wamalwa


Kimilili
13 Aprili 2025

Mdogo wangu Wamalwa,

Leo sikugombi. Tumia nafasi.

Nyumba imesimama. Vyumba viwili, mlango unatazama barabara kama alivyotaka, ili Masinde akipita na chai yake aangaliwe badala ya kuangalia. Akina mama wa kanisa walifyatua wakiimba, hata yule jirani aliyeapa kutotukanyagia boma alikuja na ndoo ya maji. Fundi Barasa amepandisha kuta mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango. Mabati tutayapandisha baada ya Pasaka. Mimi mwenyewe nilishika mpini wa ile mashine mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kila tofali lililotoka nililihesabu kuwa limemfunga Masinde mdomo.

Nilimsomea Baba habari ya kaptula. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo, kisha akacheka tena. Alisema, "Huyo ndiye wangu." Nakuandikia neno hilo kama alivyolisema. Sijamsikia akilisema juu yangu, lakini basi.

Jambo moja tu. Tulipokuwa tukichanganya, Barasa alitaka kuongeza mchanga. Nikamwonyesha karatasi yenye muhuri, akanyamaza. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, akaniomba nimsomee alichosema yule injinia. Nikasoma: mchanga wa kutosha. Akachukua udongo kiganjani, akausugua, akasema, "Mchanga? Nilianza kulima hapa nikiwa na meno ya utoto. Jembe lilikuwa linarudi nyumbani na udongo umelishika kama mtoto ameshika titi. Mchanga umeingia lini?"

Nikamwambia, Baba, macho hayaoni yanayoonwa na chupa ya injinia. Mwanao mwenyewe alisimama pale, aliona. Akasema, "Kama Wamalwa aliona, sawa."

Basi nilitaka ujue umetajwa kwa heshima mara mbili kwa siku moja. Isikupande kichwani.

Dada yako,
Naba


Huruma
17 Aprili 2025

Dada,

Usipandishe mabati. Mwambie Barasa apake lipu ya simiti nje, nene, leo hii, kabla mvua haijashika. Funika kuta zote kwa turubai, azima, omba, iba. Nimekupigia kwa simu ya Kadar na ya mama wa namba nne, inaonekana hushiki namba usizozijua. Baba asiingie ndani humo.

Usiniulize kwa nini.

W.


Kimilili
24 Aprili 2025

Wamalwa,

Kikaratasi chako cha mistari minne kilifika Jumanne. Mvua ilifika Jumatatu.

Ilinyesha ya mawe. Ilipokatika, adhuhuri, Baba alitaka kuona kama sakafu imeshika maji. Nikamshika mkono. Tulikuwa hatua chache kutoka mlangoni aliposimama ili apumue, na kifua chake ndicho kilichotuokoa. Ukuta wa upande wa chumba chake haukuanguka kama ukuta. Ulikaa chini. Matofali ya chini yalilainika kama sukari guru kwenye chai, ya juu yakafuata, na linta ikashuka polepole hadi ikalala mahali pa kitanda. Kisha ukuta wa pili. Sikujua udongo unaweza kutoa sauti ya kufoka hivyo.

Baba aliuachia mkono wangu. Amerudi ghalani. Hajala tangu jana.

Masinde hakucheka. Laiti angecheka! Alikuja na koleo, akaanza kufukua mlango, akaniambia kwa upole kabisa, "Binti yangu, kulikuwa na haja gani ya haraka?" Upole wa Masinde, Wamalwa. Nimeulamba kama dawa ya minyoo.

Akina mama wa kanisa walikuja kutazama. Mashine iko Chwele. Barasa aliokota kipande cha tofali, akakibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Akanitazama mimi. Nilimnyamazisha fundi mzima kwa karatasi yako. Nilimnyamazisha Baba juu ya shamba lake mwenyewe!

Unaandika "usiniulize kwa nini." Nimekuvumilia tangu ukiwa na kamasi. Ulivunja chungu cha Mama ukasema ni paka, na hatukuwa na paka. Nimecheka. Kila mtu huchekeshwa nawe, ndio ugonjwa wako. Sasa nakuuliza, na nimekufungulia simu lakini usinipigie, andika, ili nione mkono wako mwenyewe ukisema: ulijuaje? Mvua ilikuwa haijanyesha bado, wewe uko Nairobi, ulijuaje kwamba nyumba itaanguka?

Nabalayo


Huruma
27 Aprili 2025

Dada,

Nilianza barua hii mara nyingi, na kila mara nilianza na mlinzi. Nimuanzie tena, maana bado namchukia.

Tulifika getini. Mbele yangu kulikuwa na gari limebeba miti ya mianzi ndani ya vyungu vikubwa, vyungu vimejaa udongo mpaka shingoni. Likapita. Lori la maua likapita, udongo unamwagika. Mimi nikafika na mfuko wa Baba, ule wa unga ulioufunga kwa uzi wa gunia. "Ni nini hicho?" Udongo, bosi, wa kupimwa. "Takataka haziingii." Nikamweleza. Kadar akamweleza. Akauchukua, akaufungua, akauinamisha juu ya mtaro ambako walikuwa wanaosha magari. Wote. Akakung'uta na mfuko. Maji yalikuwa yanapita, Naba. Ulikwenda wote, ukawa tope jekundu chini ya wavu. Nilipiga magoti nikiwa na koti la watu, nikaingiza mkono, sikupata kitu. Yeye akasema, "Wewe ni mgeni aliyealikwa au ni mfanyakazi? Amua."

Ningempiga. Kadar alinishika. Halafu ndani nikakuta nini? Chupa za udongo zimepangwa mezani, zimewashiwa taa, watu wanazipiga picha. Ndiko nilikotoa ule uongo wa chupa. Taa niliziona kweli. Udongo wetu ndio haukuwepo.

Basi nikatoka kwa mlango wa pembeni, penye bustani mpya ya maua waliyoipanda kwa ajili ya maonyesho, nikachota pale, chini ya mawaridi, nikajaza kile kimfuko cha karatasi walichokuwa wanagawa. Ulikuwa mwekundu. Nikajiambia, udongo ni udongo. Huo ndio Injinia Matheka aliousifu. Ulichanganywa na mtu wa kupanda maua, na mchanga wa mto, wala si Mungu.

Hasira zangu zilikuwa nzuri, zilinifaa. Nikikumbuka kaptula na mlinzi nilikuwa nalala. Uliponiandikia maneno ya Baba kuhusu jembe, hazikunifaa tena.

Lakini umeuliza nilijuaje, na nimekuzungusha kama kawaida yangu. Mlinzi alimwaga udongo. Nyumba hakuiangusha yeye.

Injinia Matheka si mtu mbaya. Alipokwisha kupima alishika kalamu, hakuandika kwanza. Alisugua ule udongo kati ya vidole, akanitazama, akasema kwa upole, "Kijana, huko kwenu Kimilili udongo kwa kawaida ni wa kunata, bila mchanga haujengi. Huu ni wa kwenu kweli? Kama una mwingine, tuko hapa mpaka Jumamosi. Utumiwe kwa basi, nitaupima bure."

Ilikuwa Alhamisi. Utingo ni rafiki yangu. Baba angechimba tena.

Nilimtazama Kadar. Watu wale walikuwa bado wanacheka utani wangu, na mwanamke mmoja mwenye miwani alikuwa ameniuliza jina ili aliandike. Ningesema neno moja, ningekuwa tena yule aliyepiga magoti mtaroni.

Nikasema, "Ni wa kwetu, Madam."

Akaandika.

Wamalwa